Wiki nane kwa ajili ya neno moja: darasa la matamshi ya Kiingereza, Malindi

Nililipa mwenyewe: shilingi 4,500 kwa wiki nane, nusu siku ya kwanza na nusu mwezi ulipoisha, kwa M-Pesa. Darasa liko ghorofani juu ya duka la vitambaa katikati ya mji wa Malindi, Jumanne na Alhamisi baada ya swala ya magharibi. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne. Mabaharia watatu, mimi nikiwa mmoja wao, wasichana wawili wa mapokezi ya hoteli, dereva wa tuktuk, mama anayeuza vinyago na vikoi ufuoni, kijana wa Ngomeni anayesomea uuguzi, na wengineo. Kabla sijajiandikisha niliulizia huku na huku, na kila mtu akaniambia darasa ni zuri na mwalimu ni mpole. Maneno hayo hayakunisaidia kuamua, kwa hivyo mimi nitaeleza kwa kirefu.

Nina miaka kumi na moja nikiwapeleka wageni kuona matumbawe kwenye hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa mwaka 1968. Kiingereza nakizungumza kila siku, na Kiitaliano cha kutosha, kama wenzangu wengi wa hapa. Sikuwahi kudhani nina tatizo. Januari mwaka jana nilibeba mume na mke kutoka Uingereza, watu wa makamo. Tulipokuwa tukirudi tulisimama kidogo karibu na mlango wa mwamba, pale maji yanapoacha ukijani na kuwa buluu nzito. Yule mama akaniuliza hapa pakoje. Nikamjibu, "Here is deep." Yeye alisikia "dip". Kwa Waingereza neno hilo ni kujitosa majini kidogo na kutoka, na mtu akikwambia hivyo kwenye jua la saa sita, utaelewa kwamba unakaribishwa uoge. Akanishukuru, akavua shati, akaruka. Jaketi lake la kuokoa maisha lilibaki juu ya benchi.

Maji yalikuwa yanapwa na mkondo unavuta nje. Kijana wangu wa boti aliruka nyuma yake papo hapo, nami nikawasha injini na kuzunguka polepole ili nisiwakaribie kwa upande wa panga la injini. Tulipompandisha alikuwa ameshakunywa maji na mikono inamtetemeka. Mumewe alinitazama, akasema kwa upole kabisa kwamba mimi ndiye niliyemwambia aingie. Sikuwa na jibu. Usiku ule sikupata usingizi. Nilijua nilichosema, naye alijua alichosikia.

Nilianza kutafuta mafunzo wiki ileile. Nilipoteza mwezi mzima kwenye darasa jingine ambalo sitalitaja. Huko tulifundishwa kuzungumza kama mtangazaji wa London, na kazi kubwa ilikuwa kutoa ulimi kati ya meno kwa ajili ya "think" na "this". Sasa, mtu wa pwani anayesema thelathini na thamani, dhahabu na dhambi tangu hajaota meno ya pili, afundishwe sauti hiyo mwezi mzima ya nini? Tumeipata pamoja na lugha yetu. Kuhusu "deep" na "dip" hakuna aliyeniuliza wala kunisikiliza.

Hili la ghorofani lilikuwa jambo jingine tangu jioni ya kwanza. Mwalimu ni mama mstaafu aliyefundisha shule ya upili miaka mingi. Hakutusomesha kitu. Alimwita kila mmoja wetu mbele, akampa karatasi yenye sentensi kumi, akamgeuza uso uelekee ukutani, na sisi wengine tukaandika tulichosikia. Ilikatazwa kumwambia mwenzako amekosea. Zamu yangu ilipofika nilisoma, nikakaa, nikatazama karatasi zikikusanywa. Karibu zote zilikuwa sawasawa na nilichosoma. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikiamini kilichotokea baharini kilikuwa bahati mbaya tu.

Alhamisi Mwalimu alikuja na karatasi nyingine. Alikuwa ameturekodi kwa simu, akapeleka sauti zetu kwa wasikilizaji watatu wanaoishi hapa mjini, ambao walikuwa hawajatusikia hata siku moja: mpishi Mwitaliano, bwana Mjerumani, na bibi mmoja Mwingereza mstaafu anayekaa upande wa Casuarina. Mwitaliano alinipata sentensi tisa kati ya kumi. Mjerumani nane. Bibi Mwingereza, mwenye lugha yake, sita. Pale niliposoma "The guests will leave on Sunday", aliandika kwamba wageni wataishi Jumapili, kisha akatia alama ya kuuliza pembeni kwa wino mwekundu. Ile alama ya kuuliza bado naiona.

"Nahodha," Mwalimu akaniambia, "wenzako wamekusikia kwa sababu masikio yenu yamelelewa nyumba moja."

Ndipo akatueleza utafiti wa Bent na Bradlow wa mwaka 2003. Watafiti hao walichukua wasemaji wa Kichina na Kikorea wanaojua Kiingereza kama lugha ya pili, wakawasikilizisha watu wa lugha mbalimbali. Walikuta kwamba msikilizaji ambaye naye Kiingereza amejifunza humwelewa mgeni mwenzake aliyekimudu vizuri sawa na anavyomwelewa mwenyeji wa lugha. Kwa mtu wa Malindi hilo ni jambo la kila siku. Kiswahili kina irabu tano, na Kiitaliano nacho hakitenganishi ile i ya "leave" na ile ya "live". Sisi tunapenda kumalizia neno kwa irabu, nao vilevile. Mwitaliano akisema "bigga" nami nikasema "bigi", tunaagana vizuri na kila mtu anakwenda zake. Nilikuwa nimejipima miaka kumi na moja kwa masikio ya Waitaliano.

Jambo la pili alilotupa, na ambalo kwangu ndilo kiini cha darasa zima, ni kutenganisha vitu vitatu. Lafudhi ni kimoja: jinsi usemi wako unavyotofautiana na wa mwenyeji. Kueleweka ni kingine: je, msikilizaji amepata neno lile lile ulilosema? Cha tatu ni jasho la msikilizaji, yaani ilimgharimu kiasi gani kukupata. Munro na Derwing, watafiti wa Kanada, walilipima hili mwaka 1995 kwa wasemaji kumi wa Kimandarini na wasikilizaji kumi na wanane wenye Kiingereza chao. Kulikuwa na sauti zilizopewa alama ya lafudhi nzito, na papo hapo wasikilizaji walewale waliziandika neno kwa neno bila kosa. Lafudhi nzito peke yake haimzuii mtu kukuelewa. Nilipolisikia hili nilihisi kifua kimefunguka, kwa sababu darasa la kwanza lilinifanya nione haya kwa sauti yangu ya Kiswahili, na kumbe aibu ile haikuwa na kazi yoyote.

Basi kama lafudhi si ugonjwa, tulitibu nini? Mwalimu alifuata kwa sehemu kubwa orodha ya mtaalamu wa matamshi Jennifer Jenkins, aliyoichapisha mwaka 2000, ya mambo yanayovunja mawasiliano kati ya watu wanaotumia Kiingereza kama lugha ya pili. Ile th haimo kabisa miongoni mwa ya lazima. Urefu wa irabu umo. Konsonanti zinazoandamana mwanzoni mwa neno zimo, na hapa tulipumua, kwa maana kuongeza kairabu katikati kunadhuru kidogo kuliko kuiangusha konsonanti. Dereva wetu wa tuktuk alikuwa akisema "sitopu", na bibi Mwingereza alimpata kila mara. Kijana mmoja aliyekuwa akijaribu kuharakisha kama sinema alisema "top", na hakuna aliyejua anataka kusimama.

Wiki ya tatu yote ilikuwa ya irabu. Mwalimu alitugawia raba za kufungia noti. Ukisema "dip" raba inakaa kama ilivyo vidoleni. Ukisema "deep" unaivuta mpaka ikaze, na huruhusiwi kuifikia p kabla haijakaza. Tena akatusogezea kioo: kwenye "deep" midomo inatanuka kama mtu anayetabasamu, kwenye "dip" taya inalegea na ulimi unashuka kidogo. Nilisema maneno hayo mawili labda mara mia tatu wiki ile, jikoni, kwenye boti, njiani kwenda msikitini. Mke wangu alijifunza pamoja nami bila kutaka. Kidole changu cha shahada kilikuwa na alama nyekundu ya raba hadi Ijumaa.

Kisha mkazo. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na sisi tunaupeleka Kiingerezani bila kujua. Mimi nimesema pweza kwa Kiingereza maelfu ya mara, na siku zote nilisema "okTOpas". Bibi Mwingereza aliposikiliza aliacha nafasi tupu kwenye karatasi. Hakuwa na hata dhana. Mwalimu aligonga meza: pigo zito, pigo jepesi, pigo jepesi. OCtopus. PAssenger. Alitwambia mtafiti John Field aliwajaribu wasikilizaji mwaka 2005 akaona kwamba mkazo ukihamia upande wa kulia wa neno unamchanganya msikilizaji zaidi kuliko ukihamia kushoto. Sasa tazama mdomo wetu unavyousukuma kwenda kulia! Wiki hiyo ilinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu majina ya viumbe vya baharini ndiyo kazi yangu.

Yamebaki mambo mawili ambayo hayahusu mdomo wetu hata kidogo, na ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

La kwanza ni sikio la mgeni. Clarke na Garrett, mwaka 2004, walionyesha kwamba msikilizaji anayeanza kusikia lafudhi ngeni huchelewa kidogo mwanzoni, kisha ndani ya dakika moja tu anakuwa ameanza kuizoea. Hili nilikuwa nalijua nyumbani bila kujua kwamba nalijua. Mama yangu ni wa Lamu. Mwaka mmoja mtoto wa dada yangu alikuja kutoka Nairobi, na mama akamwita kutoka uani, "Ndoo!" Kiamu hicho, maana yake njoo. Mtoto akaenda bafuni, akaleta ndoo ya maji. Siku ile ya kwanza hakuelewa mato wala ndia wala yana. Baada ya siku tatu alikuwa akiitikia kila kitu, na mama hakubadilisha herufi moja.

Kutokana na utafiti huo Mwalimu alitupa mbinu moja. Alisema, usianze na neno la hatari. Mpe mgeni dakika mbili za maneno mepesi kwanza: jina lako, boti ilijengwa wapi, upepo wa leo ni kaskazi au kusi. Mwache sikio lake likae. Halafu ndipo useme habari ya kina na mkondo, na useme kwa maneno zaidi ya moja. Mimi zamani nilikuwa nikifanya kinyume. Nilisoma masharti ya usalama watu wanapopanda tu, viatu mkononi, injini inanguruma, sauti yangu ikiwa bado ngeni kwao. Sasa nawakalisha mchangani kwanza. Kwa hilo tu shilingi zangu zote zimerudi.

La pili liliumiza. Mmoja wa wale wasichana wa mapokezi alitusimulia kwamba kwenye simu wageni humwelewa vizuri, wanaweka nafasi, wanamshukuru. Wakifika kaunta wakamwona, walewale wanaanza kumwambia arudie, wanainama, wanazungumza polepole kama na mtoto. Alidhani anatetemeka mbele za watu. Mwalimu akamweleza jaribio la Donald Rubin la mwaka 1992 huko Marekani. Wanafunzi wa chuo walisikiliza muhadhara uliorekodiwa na Mmarekani mzaliwa. Baadhi yao walionyeshwa picha ya mwalimu mwenye sura ya Kizungu, wengine picha ya mwenye sura ya Kiasia. Sauti ilikuwa ileile. Walioona sura ya Kiasia walielewa kidogo kuliko wenzao, na wakasema wamesikia lafudhi ya kigeni. Msichana alinyamaza, akauliza, "Sasa mimi nifanye mazoezi gani, Mwalimu?" Mwalimu alimwambia ukweli: hakuna zoezi la mdomo wake litakalotibu macho ya mtu mwingine. Namheshimu kwa kutomdanganya.

Na si kueleweka tu. Lev-Ari na Keysar, mwaka 2010, waliwasomea watu sentensi ndogondogo, mfano kwamba twiga anaweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia. Sentensi ileile ikisomwa kwa lafudhi ya kigeni, watu waliiamini kidogo kuliko ikisomwa na mwenyeji. Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu wasishuke majini. Lazima waniamini. Tangu nisikie hayo nimeanza kuonyesha kwa mkono pia: naitumbukiza kamba yenye mafundo ubavuni, wanaiona ikizama, ndipo naongea.

Sasa kasoro. Chumba ni cha moto mno, na stima ilipotea jioni tano kati ya kumi na sita. Tulisoma kwa tochi za simu na feni imekufa. Kumi na wanne ni wengi kwa mwalimu mmoja: jioni nyingine nilipata nafasi ya kuzungumza mara mbili tu. Wiki ya tano na ya sita Mwalimu alisafiri kwa msiba, na kijana aliyemshikia alitaka tuige sauti za Kimarekani kutoka kwenye simu yake. Mwalimu aliporudi tulimwomba kwa heshima atufidie jioni hizo, akatupa moja, nyingine zikapotea. Msikilizaji wa Kiingereza ni mmoja tu, tena wa kusini mwa Uingereza; ningependa kupimwa na Mskoti na Mmarekani, maana nao wanapanda boti yangu.

Tulishauriwa pia kutumia programu ya simu inayoandika unachosema. Kwa "deep" na "dip" inafaa, unaona papo hapo ulichotoa. Zaidi ya hapo sikuipenda. Kila nikitaja Gede inaandika kitu kingine, na haiwezi kuniambia kama mgeni angenielewa kutokana na mazungumzo. Binadamu anasikia na bahari iliyo mbele yake pia.

Kwa anayetafuta sarufi au kujiandaa kwa mtihani wa kwenda ng'ambo, hapa sipo. Mwalimu mwenyewe atakwambia mlangoni. Anayefanya kazi na wageni, hasa kazi ambayo neno likikosewa mtu anaumia, kama kijana wetu wa uuguzi, naomba aende.

Wiki ya nane zilisomwa tena sentensi zile kumi za mwanzo, zikapelekwa kwa wasikilizaji walewale. Mwitaliano tisa, kama zamani. Bibi Mwingereza tisa. Kwenye kisanduku cha lafudhi, ambacho naye alitakiwa kukijaza, aliniweka palepale aliponiweka mwanzo: nzito. Karatasi zote mbili nimezihifadhi ndani ya boksi la makaratasi ya boti.

Wiki mbili zilizopita nilipita tena karibu na ule mlango, na baba mmoja kutoka Uingereza na binti zake wawili. Binti mdogo aliuliza kama wanaweza kuogelea. Nikasema, "No. Very deep. Strong current. We swim at the reef." Akarudia "deep" kwa dada yake, akachungulia kamba ikizama, akafunga vizuri mkanda wa jaketi lake.

Darasa jipya huanza kila likijaa, hawana tarehe maalumu. Ila jiandikisheni mapema kabla ya Aprili. Masika yakiingia wageni wanaondoka, na bibi wa Casuarina naye huenda kwao kuona wajukuu mpaka Julai. Mkianza wakati huo mtasikilizana wenyewe kwa wenyewe.